Chaneli ya WhatsApp kwa mwandishi anayetaka kujulikana na wasomaji wake

Msomaji akishapenda hadithi huanza kumtafuta aliyeiandika. Watunzi wa tenzi waliielewa hamu hiyo, ndiyo maana wengi wao hawakufunga kazi bila beti za kujitaja jina, nasaba na mji, na wengine hata mwaka wa kutunga. Siku hizi kazi hiyo hufanyika kwenye simu. Kwa mwandishi wa Tanzania au Kenya anayetaka kuwajuza wasomaji mambo yake wasiyoyafahamu, chombo kinachofaa kuliko vingine ni chaneli ya WhatsApp, yaani ukurasa wa hadhara ambao ujumbe wake huwafikia wote wanaoufuata. Ina kasoro mbili kubwa, na ipo hatari moja ambayo hakuna programu itakayomwondolea.

Huduma hii ilitangazwa Juni 2023, na Septemba mwaka huohuo ikafunguliwa katika nchi zaidi ya 150. Ubora wake wa kwanza ni kuficha namba. Kundi la WhatsApp mwisho wake watu 1,024, na kila aliyemo anaiona namba yako. Mwandishi, hasa mwanamke, anaweza kuanza kupigiwa simu usiku kabla sehemu ya pili ya hadithi haijatoka. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi inabeba watu 256 tu, na ujumbe huwafikia wale waliohifadhi namba yako peke yao. Kwenye chaneli mfuasi haoni namba ya mwenye chaneli, wala wafuasi hawaonani namba. Msomaji mwenye haya, ambaye asingejiunga na kundi la watu asiowajua, hapa anafuata bila wasiwasi.

Kuifungua ni kazi ya dakika tano. Nenda sehemu zinakokaa stetasi, gusa alama ya kujumlisha, chagua kuunda chaneli, kisha weka jina, maelezo na picha. Jina liwe lilelile lililo kwenye jalada la kitabu, herufi kwa herufi, kwa sababu chaneli hutafutwa kwa jina. Katika maelezo taja vitabu vyako na siku unazoandika. Namba ya simu usiiweke. Picha nayo isiwe ile unayoitumia kwenye WhatsApp yako ya kawaida. Waandishi wengi wa jina la kalamu, yaani wasioandika kwa jina lao halisi, hujianika hapo: jirani mwenye namba yako akiona picha ileile mahali pawili, jina la kalamu limekwisha.

Ujumbe wa kwanza kabisa uwaombe wafuasi waguse alama ya kengele. Chaneli huanza ikiwa imenyamazishwa kwenye simu ya mfuasi, kwa hiyo asiyegusa kengele hataisikia hata ukiandika kila siku. Anayelalamika kwamba ana wafuasi wengi na wasomaji wachache aanzie hapo kabla ya kulaumu maandishi yake.

Uandike nini sasa? Chaneli inapenda vitu vifupi, na jambo dogo la mwandishi ni kitu kifupi kwa umbo lake. Lakini si kila dogo linafaa. “Napenda chai ya tangawizi” haimpi msomaji kitu, kwani nusu ya mtaa unaipenda. Linganisha na mfano huu: “Bi Mwajuma wa sura ya 4 hutafuna karafuu kila anapotaka kudanganya. Tabia hiyo niliichukua kwa shangazi yangu aliyekuwa akichambua karafuu Wete. Yeye alitafuna anapohesabu fedha.” Sentensi tatu hizo zimemrudisha msomaji kwenye kitabu, zimemfungulia nyumba ya mwandishi kidogo, na hazijamtaja shangazi kwa jina. Jambo la binafsi likigusa ukurasa fulani wa kazi yako, litume. Lisipogusa ukurasa wowote, liache kwenye simu.

Maneno 40 hadi 80 yanatosha. WhatsApp huukata ujumbe mrefu na kumtaka msomaji aguse ili aendelee, na wengi hawagusi. Mara mbili kwa wiki ni kiasi kizuri. Ukituma kila siku utajikuta umemaliza mambo yanayohusu vitabu na kuanza kusimulia ndoa yako.

Tangu Januari 2024 unaweza kutuma sauti pia, na kwa maoni yangu hapa ndipo chaneli inapowashinda wenzake. Mwandishi wa Kiswahili akisoma aya yake kwa lafudhi ya kwao, iwe ya Unguja, Lamu au Tabora, amejieleza kuliko kurasa mbili za wasifu. Dakika moja na nusu inatosha. Kaa chumba chenye mapazia na kitanda, siyo jikoni wala ukumbi mtupu wenye mwangwi. Simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isigonge maikrofoni. Halafu sikiliza rekodi yote kwa spika za masikioni kabla ya kuituma. Makosa ya sauti mara nyingi hayamo katika usomaji, yamo nyuma yake: konda anayeita “Mwenge! Makumbusho!” dirishani, mtoto anayeitwa kwa jina na kuulizwa kama amefanya kazi za shule, tangazo la msikiti au kanisa la jirani likitajwa waziwazi. Rekodi tatu za namna hiyo zinatosha kumwonyesha mtu unapokaa na muda unaokuwapo nyumbani.

Kura nazo zipo, na ni nzuri kuliko zinavyotumiwa. Weka machaguo matatu ya mambo unayoweza kuyasimulia, ruhusu jibu moja tu, na uyachague yote matatu wewe mwenyewe. Hivyo wasomaji wanaamua mpangilio, na mipaka inabaki mikononi mwako. Ukiuliza “Mnataka kujua nini kunihusu?” umefungua mlango usioweza kuufunga.

Kasoro ya kwanza ni kwamba chaneli ni ya kusema zaidi kuliko kusikia. Mfuasi anaweza kuweka emoji na kupiga kura, lakini si mahali pa kujibizana nawe kama kwenye kundi. Kwa mwandishi hilo linauma, maana jambo la binafsi hulipwa kwa jambo la binafsi: msomaji wa Mwanza anayesikia habari za shangazi yako na karafuu anataka kukuambia za bibi yake na pamba. Dawa inayofaa ni kununua laini ya pili, kuiwekea WhatsApp Business, na kutoa kiungo chake mara moja kwa mwezi tu, kwa siku mbili zinazojulikana. Usikiache kiungo hicho wazi mwaka mzima. Utashindwa kujibu, na msomaji asiyejibiwa huumia zaidi ya yule ambaye hakuwahi kupewa nafasi.

Ya pili ni kumbukumbu. WhatsApp ilieleza tangu mwanzo kwamba historia ya chaneli huhifadhiwa kwenye seva zake hadi siku 30, na muda wa kurekebisha ujumbe uliokwisha kutumwa ni siku 30 vilevile. Usiifanye chaneli kuwa sanduku la kutunzia maisha yako. Kila ujumbe uandike kwanza kwenye faili lako, upe namba na tarehe, kisha unakili. Faili hilo likifika ujumbe 100 ni malighafi ya kitabu kidogo au ya kiambatisho cha toleo jipya, na mchapishaji atakushukuru.

Jambo jema: mfuasi akiusambaza ujumbe wako kwenye makundi, unakwenda na kiungo cha kurudi kwenye chaneli. Skrinishoti haina kiungo, basi weka jina la kalamu mwishoni mwa kila ujumbe.

Ile hatari sasa. Machapisho ya aina ya “mambo 10 usiyoyajua kunihusu” yanafanana mno na maswali yanayotumiwa kuthibitisha mwenye akaunti: tarehe ya kuzaliwa, jina la mama kabla ya kuolewa, shule ya msingi, mtaa uliokulia, jina la mnyama wa kwanza kumfuga. Tapeli anayetaka kuihamishia namba yako kwenye laini yake anahitaji vitu hivyohivyo. Namba za simu zimefichwa, kweli, lakini ujumbe wa chaneli ni wa hadhara na haufungwi kwa usimbaji wa mwisho kwa mwisho, ule unaofanya ujumbe usomwe na mtumaji na mpokeaji tu, kama mazungumzo ya wawili. Uuchukulie kama umechapwa gazetini. Taja msimu, acha tarehe: “nilizaliwa wakati wa mvua za masika” inatosha. Taja mkoa, acha shule. Mama mtaje kwa kazi yake au maneno yake. Kitambulisho, hati ya matokeo na tiketi ya basi visipigwe picha hata vikizibwa kwa kidole. Halafu washa uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp, ule wa PIN ya tarakimu sita, na PIN hiyo isiwe mwaka wa kuzaliwa ukiongezwa sifuri mbili.

Kwa mwenye jina la kalamu kuna tundu jingine, la malipo. Anauza sehemu za hadithi, anaandika “tuma kwenye namba hii”, na msomaji anapotuma M-Pesa, jina lililosajiliwa kwenye laini linamtokea kwenye skrini kabla au baada ya kuthibitisha. Miaka mitatu ya kujificha inaisha kwa malipo ya shilingi 500. Tumia Lipa Namba, au Till kwa Kenya, iliyosajiliwa kwa jina la biashara, na ulipie mwenyewe kwa simu ya mtu unayemwamini uone ni jina gani linatokea kabla ya kuitangaza.

Na watu wako? Mambo ya binafsi ya mwandishi karibu yote ni mambo ya mtu mwingine pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, lakini hata kabla ya sheria kuna heshima ya nyumba. Ugonjwa wa kaka, talaka ya dada, madeni ya baba: omba ruhusa, na uiombe kwa ujumbe ambao utabaki umeandikwa. Watoto wasitajwe majina wala shule, hata wakikubali.

Wengine wataitaja Telegram, na wana hoja. Huko mfuasi mpya anasoma kuanzia ujumbe wa kwanza kabisa, unaweza kuunganisha kundi la maoni, na faili la hadi GB 2 linapita. Kwa mwandishi mwenye wasomaji wachache wanaopenda kujadiliana, au anayetaka kuhifadhi riwaya nzima ya sauti, Telegram ni bora. Tatizo ni kwamba wasomaji wengi wa hadithi hawaifungui. WhatsApp tayari iko kwenye simu zao, na bando la mitandao ya kijamii wanalonunua asubuhi wanalinunua hasa kwa ajili yake. Mwenye nguvu za kutunza vyote viwili aweke jambo dogo kwenye chaneli ya WhatsApp Jumanne na Ijumaa, kisha mwisho wa mwezi ayapange yote kwa namba upande wa Telegram na kufungua maoni huko kwa siku mbili.