Sinki la bakuli moja, baada ya miaka mitatu ya kuoshea

Sinki langu la kwanza la stenlesi lilitoa vidoa vya kahawia kabla ya mwaka kuisha. Nikadhani ni uchafu uliogandia, nikalisugua kwa stiliwaya, vidoa vikazidi. Basi kila Jumamosi usiku nikawa naziba tundu, najaza maji ya klorini, nalala. Mwaka wa tatu kabati la chini lilianza kunuka ukungu. Fundi bomba akaingia na tochi, akanionyesha kitundu chembamba kama cha sindano, na pembeni yake vingine viwili vikijiandaa.

"Mama, hii klorini ndiyo imelila," akaniambia.

Nimelikumbuka neno hilo kila mara ninapoosha vyombo kwenye sinki jipya, na ndiyo sababu naandika kwa urefu. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya madini ya kromiamu yaliyomo ndani yake. Kromiamu ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ukikwaruzwa hujirudi wenyewe. Dawa ya klorini ikikaa juu yake kwa saa nyingi huutoboa, na shimo likishaanza huchimba kwenda chini badala ya kutanuka, ndiyo maana unaona nukta tu ilhali bati limekwisha kutoboka. Stiliwaya nayo huacha chembe za chuma cha kawaida, na hizo ndizo zinazoota kutu. Kumbe nilikuwa nasugua kutu huku napanda nyingine.

Safari ya pili nilikwenda dukani na kipimo cha sufuria langu kubwa kuliko yote, sentimita 38 kwa upana. Masinki ya bakuli mbili yanapendeza kuyatazama, lakini lile nililolipenda kila bakuli lilikuwa na sentimita 34. Sufuria lingekaa upande, nusu nje, na maji yangemwagika kwenye kaunta kila siku. Nikachukua bakuli moja, sentimita 70 kwa 40 kwa ndani, kina sentimita 22. Lilikuwepo la kina cha 25, nikaweka mikono ndani kama ninayeosha, nikahisi mgongo unapinda. Nikaliacha. Fanyeni hivyo dukani bila aibu.

Muuzaji alileta sumaku, akanionyesha kwamba hainati, akasema basi hii ndiyo stenlesi nzuri. Sikuridhika. Sumaku haitofautishi stenlesi ya daraja la 304 na ya 201, zote mbili kwa kawaida hazivutwi na sumaku. La 304 lina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. La 201 limepunguziwa nikeli na kuongezewa manganizi, bei yake ni nafuu zaidi, lakini hushika kutu mapema. Nilitaka namba ya daraja iliyopigwa mhuri kwenye bati lenyewe, na iandikwe kwenye risiti pia. Akaiandika.

Unene wake ni milimita 1.2, wanaouita geji 18. Kumbuka namba ya geji ikiwa ndogo ndipo bati ni nene. Kwa chini lina vipande vya mpira na rangi nzito ya kuzuia kelele, nikaligonga kwa kifundo cha kidole likatoa sauti fupi, nzito. Lile la zamani lililia kama debe, na usiku nikiosha vijiko watoto waliamka. Sasa hawaamki.

Mdogo wangu ana sinki jeusi la mawe yaliyosagwa na kushikizwa kwa gundi ngumu. Ni kimya kuliko langu na halina mikwaruzo, ila maji yao yana chokaa na weusi ule unauonyesha ukoko wote. Mimi nisingeuweza.

Kasoro za langu zipo, na ya kwanza inanisumbua kila siku: kitako chake kimenyooka mno. Maji ya mwisho hayaendi kwenye tundu yenyewe, inabidi niyasukume kwa mkono. Mtengenezaji angekiinamisha kidogo tu au angekichora mifereji. Ya pili ni kona, zimekatwa karibu mraba, mabaki ya chakula hujificha humo na nimetenga mswaki wa zamani kwa kazi hiyo. Ningelichagua tena, lakini lenye kona za mviringo.

Matunzo yake hayazidi dakika tatu. Mafuta nayafuta kwenye sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, maana yakipoa huganda kwenye bomba lililopinda chini. Mpindo ule nauheshimu sana. Maji yanayobaki humo ndiyo yanayozuia harufu ya mfereji isipande ndani, na tukisafiri wiki nyingi yakikauka, namimina bilauri mbili za maji na harufu inaisha. Vyombo vikiisha, naosha sinki kwa sabuni ya maji na sponji laini, nikifuata mistari ya bati na si kuzungusha, nasuuza, nakausha kwa kitambaa. Kukausha ndiko wengi wanakokuruka, na ukoko wa chokaa hutokana na maji yaliyoachwa yakauke yenyewe.

Ukoko ukishajitokeza shingoni mwa bomba, nafunga kitambaa chenye siki kwa robo saa, nasuuza vizuri. Magadi ya kuokea nayatumia siku nyingine, nikiyafanya uji mzito wa kusugulia. Kuvichanganya pamoja hutoa povu la kupendeza, lakini asidi ya siki na magadi vinauana na unabaki na maji yenye chumvi kidogo. Siki na klorini ndiyo usijaribu kabisa, hutoa gesi ya sumu. Kikaango cha chuma hakilali ndani ya sinki langu, wala kitambaa kibichi, wala chumvi iliyomwagika.

Mwezi uliopita fundi yuleyule alikuja kubadilisha mpira wa bomba. Kabla ya kuondoka aliinama chini ya kabati bila kuombwa, akapitisha kidole kuzunguka kitako chote cha sinki, akakitoa kikiwa kikavu, akanionyesha.