Nilimchukua mbwa mzee KSPCA, Karen

Nilienda KSPCA, shirika la kutunza wanyama lililoko Karen, Nairobi, kutafuta mtoto wa mbwa, nikarudi na mzee. Ukipita kwenye vizimba, wengine wote hubweka na kuruka. Yeye alibaki amelala, mdomo umejaa mvi, akinifuata kwa macho tu. Mhudumu aliniambia ukweli mtupu: miaka kama tisa, meno ya mbele yameisha, miguu ya nyuma hukaza asubuhi. Sikufichwa kitu, na hilo ndilo lililonishawishi. Alikuwa ameshahasiwa na kuchanjwa kichaa cha mbwa.

Wiki ya kwanza alikataa kula. Nikaanza kumlainishia ugali kwa supu ya omena. Sasa akisikia sufuria anakuja, polepole, mkia ukigonga mlango. Kila asubuhi namkanda nyonga kwa kitambaa cha maji moto kabla hajasimama. Kliniki moja ya mtaani iliniambia nisipoteze pesa kwa mbwa wa umri huo. Iliniuma sana. Daktari mwingine alimpa dawa ya viungo, na juzi alipanda ngazi tatu za baraza mwenyewe.

Ukienda, mwombe mhudumu akuonyeshe wazee pia. Kaa nao chini kidogo, maana wanachelewa kukusogelea.