TAHADHARI: "Dawa ya miti" ya magoti inayouzwa Lubumbashi, na ile video ya mama wa kitenge cha kijani

Kama imekufikia kwenye WhatsApp ile video ya mama mzee mwenye kitenge cha kijani, anainuka kwenye kiti cha plastiki bila fimbo, anazunguka mara mbili na watu wanapiga makofi, naomba usiisambaze. Huyo ni mama yangu mzazi. Na video ni ya kweli, hakuna aliyelipwa kuigiza. Siku ile magoti hayakumuuma hata kidogo. Ndiyo maana inaniwia vigumu kuandika tahadhari hii, kwa sababu nikisema dawa ile haifanyi kitu nitakuwa nadanganya. Ilifanya kazi. Ilifanya kazi ndani ya siku tatu, na hapo ndipo tulipaswa kushtuka.

Mama ana miaka 68. Zaidi ya miaka ishirini alikaa kwenye kigoda katika soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, akiuza kalembula (majani ya viazi vitamu) na samaki wakavu, kuinama na kuinuka, kubeba beseni kichwani, kugombania nafasi kwenye taksi-bisi. Goti la kulia lilianza, la kushoto likafuata. Kwetu maumivu yote ya viungo tunayaita rumatizimu, lakini daktari alishatuambia mapema kwamba lake ni artrozi: gegedu la goti limelika kwa umri na uzito, na hakuna kidonge cha kulirudisha. Sasa niambieni, nani anafurahi kurudi nyumbani na jibu la "ni umri"? Mtu akipewa jibu hilo anaanza kusikiliza kila anayepita.

Yaya yangu, yaani mkubwa wangu, anayeishi Afrika Kusini alianza kumtumia glukosamini na kondroitini za duka la dawa. Kwa asiyezijua: glukosamini nyingi hutolewa kwenye maganda ya kamba na kaa, kondroitini kwenye gegedu la ng'ombe au la papa. Mama alikunywa miezi mitatu bila kukosa siku. Hakupata nafuu, hakupata madhara. Baadaye nilisoma kwamba Wamarekani waliwajaribu wagonjwa wa magoti 1,583, matokeo yakatoka 2006, na kwa jumla waliokunywa vitu hivyo hawakuwazidi kwa uhakika wale waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Wachache wenye maumivu makali zaidi walionekana kupata ahueni, kwa hiyo watu waliendelea kubishana. Lakini 2019 chama cha Marekani cha madaktari wa viungo kiliandika wazi kwamba glukosamini isitumike kwa artrozi ya goti. Kwa maneno mengine, bidhaa halisi, yenye lebo safi na kiwanda kinachojulikana, ilitupatia karibu sifuri. Shikeni hilo kichwani.

Bwana aliyetuuzia ile dawa ya miti tulimpata kanisani, mtaani Katuba, baada ya ibada. Koti jeupe, mfuko wa kompyuta, Kifaransa laini. Jina lake siliandiki, maana hata nikiliandika halitakusaidia: kwetu ni "Docteur", mtaa wa Ruashi wanamwita "Pasta", na ukimtumia pesa kwa Airtel Money linatokea jina la mwanamke.

Anaanza na mashine. Ni kijisanduku kilichounganishwa na kompyuta, na kijiti cha chuma unachoshika mkononi. Anaandika kwanza jinsia yako, umri, urefu na kilo, kisha unashika kijiti dakika moja, na kompyuta inatoa kurasa zaidi ya thelathini kuhusu ini, figo, moyo, mifupa, hata "sumu za mwilini". Dola 5. Siku ya mama, mkono wake ulichoka katikati ya kipimo, akampa mjukuu wake kijiti, "nishikie kidogo". Mjukuu ni kijana wa kiume wa miaka 19. Docteur alikuwa amegeuka anaongea na simu, hakuona. Karatasi zikatoka, na ukurasa mmoja ukasema ovari zimechoka kwa sababu ya umri.

Tulicheka njia nzima. Kijana tunamtania mpaka leo. Na bado tulinunua. Naliandika hili kwa aibu yangu mwenyewe: ushahidi kwamba mashine inasoma tu kile alichokiandika yeye tulikuwa nao mkononi, tukaukunja tukauweka kwenye mkoba, kwa sababu mama alikuwa tayari ameamini na mimi sikutaka kuwa mtu wa kumkatalia mama yake dawa.

Chupa moja dola 35, dozi kamili ya chupa tatu dola 90. "Mama, hii njo ya miti tu, haina kemikali. Kama haitumike, minakurudishia makuta yako yote." Yaani isipofanya kazi, anarudisha pesa zote. Hivyo ndivyo alivyosema, neno kwa neno, mbele ya watu.

Siku ya tatu mama aliamka akaenda mwenyewe kuteka maji. Wiki ya pili ndipo Docteur alipokuja na simu yake kurekodi. Wiki ya nne mashavu yalianza kujaa, na kanisani wakawa wanampongeza: "Mama umenona! Umekuwa kijana!" Mnajua kwetu mtu akijaa uso tunasema ni baraka, hakuna anayeuliza. Mikono na miguu haikunenepa lakini, ni uso tu na tumbo. Kisha kiu. Kisha kuamka usiku mara nne, mara tano kwenda kukojoa. Nilimpigia Docteur, akajibu kwa utulivu kabisa: "Ni uchafu unatoka, usimukataze."

Chupa ya tatu iliisha wiki ya saba. Docteur akasema mzigo umekwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tungoje. Siku ya nne bila dawa mama hakuweza kutoka kitandani. Anatapika, hana nguvu ya kushika kikombe, presha imeshuka chini kabisa. Tulimbeba kwa taksi hadi hospitali, na daktari wa zamu alipouliza anakunywa dawa gani, sisi wote, mimi wa kwanza, tukajibu: "Hakuna, Docteur, hakuna dawa." Hatukuwa tunaficha. Vichwani mwetu kile kitu hakikuwa dawa, kilikuwa "miti". Aliuliza mara tatu. Mara ya tatu ndipo dada yangu alipokumbuka chupa, tukatuma mtu akaiokote kwenye takataka.

Daktari aliangalia uso wa mama, akasoma sukari (mama hakuwahi kuwa na sukari maishani), akatuuliza tarehe ya kuanza na tarehe ya kuacha. Kisha akatueleza kwamba anamtibu kama mtu aliyekunywa steroidi kwa wiki nyingi, kitu cha jamii ya deksametasoni, vile vidonge vidogo ambavyo wasichana wetu huvinunua ili wanenepe. Steroidi huzima uvimbe na maumivu haraka ajabu. Lakini mwili una tezi zake juu ya figo zinazotengeneza kitu cha namna hiyo kila siku. Ukiuletea kutoka nje wiki kwa wiki, tezi zinalala. Ukikata ghafla, zenyewe bado zimelala na mwili unabaki mtupu. Ndiyo maana mama alianguka baada ya kuacha. Walimrudishia steroidi hospitalini, wakawa wanampunguzia polepole kwa wiki kadhaa hadi tezi zikaamka.

Msidhani ujanja huu ulizaliwa hapa. 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa maonyo kuhusu vidonge vya viungo vinavyoitwa Artri Ajo King na Artri King, vilivyokuwa vinauzwa kama nyongeza ya chakula. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na katika Artri King deksametasoni pia, ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Watu waliumia ini, na FDA ilipokea hata taarifa za vifo. Chupa yetu ilikuwa na jina lingine, lakini hadithi ya mama ningeweza kuinakili kutoka kwenye onyo lile. Na diklofenaki nayo, ukiinywa bila kujua huku unakunywa dawa za presha, au ukiwa na vidonda vya tumbo, inaweza kuharibu figo na kutoboa tumbo likatoka damu.

Nilipotulia nilizipanga zile chupa tatu mezani. Tarehe za kuisha ni tatu tofauti, lakini namba ya loti ni ileile kwenye zote. Hakuna jina la kiwanda, hakuna anwani, "100% naturel" kwa herufi kubwa, na maandishi madogo ya Kihispania ambayo Katuba nzima nadhani hakuna wa kuyasoma. Nilipeleka moja kwa mfamasia ninayemwamini. Aliigeuza mara moja tu, akauliza iko wapi namba ya idhini ya ACOREP, wale wanaosimamia dawa hapa Congo. Haipo. Dakika moja, bila malipo. Ningemwendea kabla ya zile dola 90 badala ya baada.

Kuhusu pesa sitawachosha. Docteur alinifungia namba siku nilipomwambia mama yuko hospitali. Hospitali ilikula zaidi ya mara nne ya bei ya chupa. Mama wa kanisani aliyetuunganisha naye alikuwa anapewa chupa moja ya bure kwa kila wateja watano, na anaikunywa yeye mwenyewe, kwa hiyo hatukugombana naye, tulimpeleka kwa daktari yuleyule.

Na hili ndilo naomba mlisome mara mbili kama mzazi wako yuko kwenye dozi sasa hivi, iwe ya huyu bwana au ya mwingine: usimnyang'anye chupa leo kwa hasira. Kama ameshakunywa wiki kadhaa, kukata ghafla ndiko kulikomwangusha mama yangu. Chukua chupa pamoja na mgonjwa, mpeleke kwa daktari, sema wazi "amekunywa hii tangu tarehe fulani", wapime sukari na presha, na waamue wao namna ya kuacha. Akipata choo cheusi kama lami, au akitapika na kuishiwa nguvu, usingoje asubuhi.

Nasikia sasa amehamia Likasi na mashine yake, na chupa zimebadilishwa kifuniko kutoka buluu kwenda nyekundu. Kijiti cha chuma ni kilekile.

Mama anaendelea. Anaenda kwa kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mara mbili kwa wiki, anafanyishwa mazoezi ya mapaja akiwa ameketi, na walimfundisha kushika fimbo mkono wa kushoto kwa sababu goti baya ni la kulia, jambo ambalo sote tulikuwa tunalifanya kinyume. Yanamuuma bado, hasa mvua zikianza. Video imeshamrudia mara tatu kutoka kwa watu wasiojua kuwa ni yeye. Juzi aliichukua simu yangu, akaisogeza karibu na macho, hakutazama magoti kabisa. "Angalia ile mashavu," akasema.