Vijana wa mashine ya presha, Tudor, Mombasa: wajua lini waoshe na lini waache

Kusi likianza, ukuta wetu wa kusini hupigwa na mvua na chumvi ya bahari, na masika ikiisha huwa kijani mpaka usawa wa madirisha. Niliwaita hawa vijana mwezi wa Mei. Mkubwa wao akazunguka nyumba yote, mashine ikiwa bado garini, kisha akaniambia: "Mama, ngoja mvua ikatike. Tukiosha sasa ukuta hautakauka, na kijani kitarudi upesi." Akaenda zake bila kudai hata nauli. Hapo ndipo waliponipata.

Julai wakarudi. Upande wa mbele yule mkubwa wao alipitisha kiganja ukutani, kikatoka na unga mweupe. Akasema hiyo ni rangi iliyochoka. Kuoshwa itaoshwa, lakini dawa yake ni kupaka upya, na ukuta ukauke kabisa kwanza. Sabuni walipaka kutoka chini kwenda juu, wakasuuza kutoka juu kushuka, bunduki ya maji ikiwa mbali na ukuta na maji yametanuka. Ukuta wa nyuma ni wa zamani, mawe ya matumbawe na chokaa. Huo hawakuugusa kwa mashine, maana presha ingeibandua chokaa. Waliusugua kwa burashi laini na maji ya ndoo, taratibu, na ndiyo kazi iliyonipendeza kuliko zote.

Jambo la maji lataka kupangwa mapema. Kisima chetu ni cha chumvi, nao walikataa kukitumia: maji yakikauka huacha weupe ukutani, na vyuma vya madirisha huliwa na kutu. Ilinibidi niagize boza la maji matamu, na gharama hiyo ni juu ya mwenye nyumba. Mashine yao ni ya petroli, kwa hivyo stima ikipotea kazi haisimami.

Kasoro ni kwenye kabro, yale matofali ya saruji yaliyotandazwa uani. Utelezi uliokuwa ukimtisha mama mkwe umekwisha, lakini presha ilikuwa kali mno, mchanga wa katikati ya kabro ukatoka, nao hawakuja na mwingine wa kujazia. Nilipolalamika wakapunguza kidogo kwenye malipo. Bado nitawaita mwakani, ila mchanga tutaupatana kabla ya mashine kuwashwa. Nawe ukiwataka kabla ya Idi, wapigie mapema. Wakati huo huwa wamejaa.