Eti "fuvu ni fuvu tu"! Uzoefu wangu na maonyesho ya dinosaria

Nimelipa 35,000 kwa watu wawili, nimekaa kwenye foleni ya Mwenge mpaka mgongo umelowa, halafu naambiwa "fuvu ni fuvu tu."

Haya maonyesho yalifika hapa Dar juzi juzi. Masanamu yanatikisa kichwa na kunguruma, spika zinakwaruza, hayo nayaacha. Shida yangu ni kibao kimoja. Chini ya fuvu la Allosaurus wameandika kwamba alisaga mifupa. Binti yangu wa miaka 9 akauliza kwa adabu kabisa: "Shikamoo anko. Si T. rex ndiye alikuwa anavunja mifupa? Huyu mbona meno yake membamba?"

Kijana wa pale, macho kwenye simu: "We dogo, fuvu ni fuvu tu, wote wanakula nyama. Mama, msogeze mtoto, watu wapite."

Hata shikamoo hakuitikia!

Na mtoto alikuwa sahihi. Fuvu la T. rex ni pana kwa nyuma, ndipo misuli ya taya ilipojaa, na meno yake ni manene kama ndizi. Kuna makadirio ya 2012 yaliyompa nguvu ya kung'ata ya nyutoni 35,000 hadi 57,000 kwenye jino moja la nyuma; mengine ya baadaye yakashusha, lakini mfupa bado haukupona. Allosaurus fuvu lake lilikuwa imara ila kung'ata kwake hafifu: alishika nyama, akavuta, akachana kwa meno yenye makali ya msumeno. Nenda kwa muuza supu yeyote Buguruni. Nyama anakata kwa kisu, kongoro analipiga shoka. Mwambie basi kwamba chuma ni chuma tu.

Kilichonimaliza ni Elaphrosaurus, dinosaria wetu aliyechimbuliwa Tendaguru, Lindi. Fuvu lake halijapatikana, ndiyo maana wataalamu wanabishana alikula nini. Hawa wamemchongea kichwa na meno makali juu, kimya kimya, kama vile walikula naye.

Nilikuwa natoa nyota moja. Sasa, tukiwa tunatoka, fundi mmoja mwenye bisibisi mkononi akatuita pembeni. Alikuwa amesikia yote. Akafungua uzio, akamwacha binti yangu aingize mkono kwenye taya la T. rex na kulikamata jino kwa vidole vyote. Havikukutana. Mtoto alicheka mpaka nikasahau nauli.

Basi nyota tatu. Mbili na nusu, nikimkumbuka yule wa simu.

Usiku nimepika kuku. Binti kaibana nyama kwa meno ya mbele, kavuta kichwa nyuma: "Mama, Allosaurus." Kisha kautupa mfupa kwenye magego, kraa! Anataka turudi Jumamosi, na nadhani nitampeleka.