British India: tathmini ya kampuni ya meli iliyoiunganisha Bombay na pwani yetu

William Mackinnon, Mskoti, alianzisha kampuni hii mwaka 1856 ili ibebe barua kati ya Calcutta na Rangoon, na kuanzia mwaka 1862 ikaitwa British India Steam Navigation. Ninaipima kwanza kwa kigezo anachokijali zaidi mwenye shehena, yaani kama meli ilikuja kwa wakati, na hapo naipa alama za juu. Kabla ya hapo, mfanyabiashara wa Unguja aliyeagiza nguo Bombay alitegemea majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, na msimu ukimpita ilimbidi angoje mwingine. Mwaka 1872 serikali ya Uingereza iliipa kampuni mkataba wa kupeleka barua kati ya Aden na Unguja, na ni malipo hayo ya posta yaliyoiwezesha meli ya mvuke kung'oa nanga hata shehena ilipokuwa pungufu.

Hata hivyo, huduma hiyo haikuwa ya biashara tupu. Mackinnon huyo huyo ndiye aliyeongoza Imperial British East Africa Company, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 na kutawala kutoka Mombasa kuelekea bara; anayezisifia meli zake hana budi kulitaja na hilo.

Kwa abiria siwezi kuwa mkarimu. Wengi walisafiri bila vyumba, wakilala kwa kubanana, na hatari ilikuwa yao kama ya wenye daraja la kwanza. Tarehe 23 Novemba 1942, meli ya Tilawa ikitoka Bombay kuja Mombasa, nyambizi ya Japani iliizamisha. Watu 280 walikufa, 678 wakaokolewa. Mwaka 2017 mabamba 2,364 ya madini ya fedha yaliopolewa kutoka humo, na kesi ya malipo ya walioyaopoa ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza. Inaniuma kwamba madini hayo yameandikwa sana kuliko marehemu.

Kampuni iliungana na kampuni nyingine ya meli ya Uingereza, P&O mwaka 1914, lakini njia ya Bombay iliendelea, na baada ya vita ikahudumiwa na meli za Kampala na Karanja. Karanja iliuzwa mwaka 1976, wakati ndege zilikuwa zimekwisha kuwachukua abiria na makontena yakiichukua shehena.