Namanga kwa mama mwenye mtaji mdogo: nyota nne kati ya tano

Napeleka vitunguu Nairobi kutoka Mang'ola, kule Karatu, na mzigo wangu unapita Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Kina mama wananiuliza kila mara kama ule utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki unasaidia kweli au ni maneno ya semina. Unasaidia.

Bidhaa ikiwa imezalishwa ndani ya Jumuiya, imo kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani ya mzigo haizidi dola 2,000, unapewa cheti chepesi cha uasili, karatasi ya kuonyesha mzigo umezalishwa wapi, palepale forodha. Ushuru wa forodha hulipi, wala huhitaji wakala. Kwa mwenye magunia kumi, pesa ya wakala ndiyo faida yenyewe!

Mimi na wenzangu tunachanga kukodi Fuso moja. Kila mtu magunia yake yana jina kwa rangi, na kila mtu ana cheti chake. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko kote. Zamani mazungumzo yote yalikuwa na dereva, sisi tumekaa pembeni kama abiria. Sasa ofisa anasoma cheti, anaita jina langu: "Mama, yako ni yapi?" Namwonyesha, anafungua gunia, anachomoa vitunguu viwili vitatu, anavibonyeza, anagonga muhuri. Tajiri wa Marikiti, soko la Nairobi, akileta ubishi kuhusu mzigo ni wa nani, ninayo karatasi.

Kituo cha pamoja cha mpakani chenyewe, kilichofunguliwa na Marais Magufuli na Kenyatta tarehe 1 Desemba 2018, kinakwenda vizuri. Ukielekea Kenya unapitiliza, unamalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Kenya.

Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya vibali vingine. Cheti cha uasili hakiondoi cheti cha afya ya mimea, na mama wa kijijini mwenye magunia matatu mara nyingi analijua hilo akiwa tayari mpakani, vitunguu vinapigwa jua. Huyo ndiye anayeishia kumkabidhi bodaboda mzigo upite njia za panya, na akinyang'anywa huko, au akishikwa mwili na mtu anayejiita askari, atakwenda kumshtaki nani? Linaniuma sana. Maelezo haya yafike gulioni, mama ayapate kabla hajapakia. Mimi cheti cha afya ya mimea nakimaliza Arusha.

Nje watakufuata vijana wanaodai watakupitishia fomu. Wakatalie, hata wakikuita dada kwa upole namna gani. Unajaziwa dirishani, na mimi sijawahi kuilipia. Fika asubuhi, na kitambulisho mkononi, na thamani ya mzigo uwe umeshaipigia hesabu kwa dola.